Mtangazaji: Kutoka Sauti ya Mbali Hadi Sauti ya Jirani

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Mandewa, Singida. Maneno haya yamepigwa chapa ili kila mwanafunzi ayasome mwenyewe baada ya kuyasikiliza.

Natumaini nyote mmekwisha kaa na madaftari yako wazi. Leo somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mtu mnayemsikia kila siku, na ambaye wengi wenu hamjapata kumwona uso. Mtu huyo ni mtangazaji wa redio.

Nianze kwa swali. Ukikutana na mtu njiani akakuambia, "Bei ya alizeti imepanda," utamwuliza, "Nani kasema?" Lakini ukiyasikia maneno hayo hayo redioni, huulizi. Wafunga gunia lako, waita bodaboda, wakwenda sokoni. Je, mtangazaji alipewa na nani heshima hiyo ya kuaminiwa bila kuulizwa? Ilianzaje? Na yaweza kupoteaje? Hayo ndiyo tutakayoyatazama leo.

Simu ya upepo

Wazee wetu waliiita redio simu ya upepo, maana ilileta maneno bila waya. Mwitaliano mmoja, Guglielmo Marconi, alikuwa mmoja wa waliotangulia kupeleka ishara kwa njia hiyo, katika miaka ya 1890. Mwaka 1901 ishara zake zilivuka bahari ya Atlantiki. Lakini hazikuwa sauti ya mtu. Zilikuwa milio mifupi tu. Matangazo ya kila siku kwa watu wote yalikuja baadaye. Kituo cha Pittsburgh, Marekani, kilianza mwaka 1920, na BBC ya Uingereza ikaanza mwaka 1922.

Hapa Afrika Mashariki, redio ilianza Nairobi mwaka 1928. Lakini tazameni: ilikuwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa msikilizaji. Tena chombo chenyewe kilikuwa ghali na kilitaka umeme au betri kubwa.

Mwaka 1949, kusini kwetu, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya bei nafuu iliyotumia betri. Umbo lake lilifanana na sufuria, na kwa Kiingereza iliitwa kwa jina la sufuria. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za Waafrika, na watu wakaanza kukaa kuizunguka redio moja kama wanavyokaa kuuzunguka moto. Baadaye zikaja redio ndogo za transista. Transista iligunduliwa Marekani mwaka 1947, na redio zake zikaanza kuuzwa mwaka 1954. Kwa redio hizo, mchungaji aliweza kusikiliza habari huku akifuata ng'ombe wake.

Sauti ya Dar es Salaam

Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina lake lilikuwa la kweli kabisa, maana mwanzoni kilisikika Dar es Salaam na kando kando yake tu. Mwaka huo huo Zanzibar nako kulianza Sauti ya Unguja. Basi kumbukeni jambo hili: redio yetu ya taifa ilizaliwa ikiwa redio ndogo ya mji mmoja.

Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na nguvu ya mitambo ikaongezwa. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili kutoka London. Tanganyika ikapata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1965 shirika lile likawekwa chini ya Serikali na kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, Redio Tanzania ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara.

Sauti zake zikajulikana kila nyumba. Mama Deborah Mwenda aliwasimulia watoto hadithi katika kipindi cha Mama na Mwana. Halima Mchuka alitangaza mpira wa miguu, kazi ambayo watu walidhani ni ya wanaume tu. Julius Nyaisanga, aliyeitwa Anko J, alipendwa kwa ucheshi wake. Hapa Singida, karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, watu waliwataja watangazaji hao kama ndugu zao.

Ndugu hao, hata hivyo, walikuwa mbali. Uliwajua, lakini wao hawakukujua. Ukitaka kuwasalimu jamaa zako redioni, uliandika barua ukangoja. Msiba ukitokea, tangazo la kifo lilisomwa Dar es Salaam ili lisikike Mandewa.

Redio na darasa

Ninyi mnaojifunza kusoma yapasa mjue kwamba redio na darasa lenu ni marafiki wa zamani. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tayari mwaka 1969 kulikuwa na mafunzo ya redio yaliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Yakafuata mengine, na makubwa kuliko yote yalikuwa Mtu ni Afya, mwaka 1973.

Utaratibu ulikuwa huu. Watu wa kijiji walikusanyika mbele ya redio moja. Walisikiliza somo. Halafu kiongozi wa kikundi alisoma kitabu, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Kwa majuma 12 walijifunza habari za malaria, kichocho, safura na maradhi mengine, wakafyeka majani na kuchimba vyoo. Watu kama milioni 2 walishiriki katika vikundi hivyo.

Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama 67 katika kila 100. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi 39. Redio peke yake haikufanya kazi hiyo. Waliifanya walimu na wanafunzi kama ninyi. Lakini sauti ya redio ilisema, "Mkutane," na watu wakakutana. Hiyo ndiyo nguvu ya kuaminiwa.

Redio ndogo zazaliwa

Mwaka 1993 ikapitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, iliyowaruhusu watu binafsi na mashirika kuanzisha redio. Redio One ikaanza mwaka 1994, na nyingine zikafuata. Mwaka 2002, katika kijiji cha Terrat, wilaya ya Simanjiro, kulianza redio ya jamii ya wafugaji, ORS. Siku hizi vituo vya redio nchini vimezidi 200. Viko vya taifa zima, viko vya mkoa, vya wilaya na vya jamii.

Hata watangazaji wakubwa walifuata njia hiyo. Anko J alitoka Redio Tanzania akaenda Redio One, na mwisho akafanya kazi katika kituo cha mkoani, Abood, huko Morogoro. Alifariki Morogoro mwaka 2013.

Mbona redio hizi husikika karibu tu? Nyingi hutumia masafa ya FM. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Yakikuta mlima, hukwama. Ndiyo maana mnara hupandishwa mahali pa juu, na hata hivyo sauti hufika makumi ya kilomita tu. Hao waliomo katika eneo hilo ndio wasikilizaji wote wa mtangazaji. Ni majirani zake.

Kazi yenyewe

Mnaweza kudhani kwamba kazi ya mtangazaji ni kusema tu. Katika kituo kikubwa, mmoja huandika habari, mwingine husoma, mwingine hutazama mitambo. Katika kituo kidogo mtu mmoja aweza kufanya yote. Hufungua kipindi alfajiri, huweka muziki, husoma matangazo, hupokea simu, huangalia saa, na mchana huenda mwenyewe mnadani kuuliza bei. Umeme ukikatika katikati ya maneno, yeye ndiye akimbiaye kwenye jenereta.

Malipo mara nyingi ni madogo, na wengine hujitolea kwa muda mrefu wakitumaini kuajiriwa. Hapo ndipo kuna hatari. Mtu akimletea bahasha na kusema, "Nisifu leo, mseme vibaya mwenzangu," bahasha ile ina uzito kwa mtu mwenye njaa. Msikilizaji haioni bahasha. Husikia maneno tu.

Lakini jirani ana kinga moja ambayo mtangazaji wa mbali hana. Akisema uongo asubuhi, mchana atakutana na wasikilizaji wake sokoni. Watamwuliza.

Ulimi na maisha ya watu

Ukaribu ukitumiwa vibaya ni hatari kuliko umbali. Tazameni nchi jirani ya Rwanda. Mwaka 1993 kilianza huko kituo kilichoitwa RTLM. Watangazaji wake walizungumza kama rafiki na rafiki. Walifanya mzaha, walipiga muziki mzuri, vijana wakawapenda. Wakiisha kupendwa, wakatumia upendo huo kuwachochea watu wawaue Watutsi. Mwaka 1994, katika siku kama 100, waliuawa watu laki nyingi, na wakati wa mauaji redio ile iliendelea kusema. Mtangazaji wake mmoja, Georges Ruggiu wa Ubelgiji, alikiri kosa lake mbele ya Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Mwaka 2000 alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Hakushtakiwa kwa kushika panga. Alishtakiwa kwa maneno.

Mambo hayo ni makubwa. Niwaambie na dogo, ambalo ni langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika kituo kimoja kusoma tangazo la mtihani wa kusoma na kuandika. Mtihani ulikuwa Jumanne. Karatasi ilisema Jumanne. Mimi, kwa haraka na kwa kujiamini, nikasema Alhamisi. Sikujua nimekosea, na hakuna aliyenisahihisha.

Alhamisi nilimkuta bibi mmoja amekaa mlangoni pa darasa lililofungwa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na penseli yake ameifunga katika pindo la kanga. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtihani ni saa ngapi?"

Nilimweleza kwamba mtihani ulikwisha juzi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Jirani yangu aliniambia ni Jumanne, nikambishia. Nilimwambia, mimi nimesikia redioni."

Wanafunzi wangu, sijapata kusikia maneno mazito kuliko hayo. Jirani alisema kweli akakataliwa. Mimi nilikosea nikaaminiwa. Tulimpangia bibi siku nyingine akafanya mtihani wake, na nilirudi kituoni kusahihisha kosa langu saa ile ile ya kipindi kile kile. Lakini sikuweza kumrudishia safari yake.

Tangu siku ile, kabla ya kusema neno lolote la siku, mahali, bei au jina la mtu, huweka kidole juu ya karatasi na kusoma mara mbili. Fikirini tangazo la kifo lililotaja jina lisilo lake, huku mwenye jina amekaa na wajukuu wake akilisikia. Fikirini bei isiyo ya kweli, na mkulima aliyekwisha lipa nauli ya magunia yake ya vitunguu.

Yetu sisi wasikilizaji

Sheria zipo. Leseni za redio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati kwa waandishi wa habari. Lakini hakuna sheria inayoweza kukaa studioni kila dakika. Mlinzi wa karibu zaidi wa mtangazaji ni msikilizaji anayejua kuuliza.

Na hapa ndipo kusoma kwenu kunapoingia. Asiyejua kusoma hulazimika kuamini sikio lake tu. Ninyi sasa mwaweza kusikia tangazo, halafu mkalitazama kwenye ubao wa ofisi ya kata. Mwaweza kuandika siku na saa ili msisahau. Likiwa na kosa, mwaweza kumwandikia mtangazaji kwa heshima, na mtangazaji mwema atawashukuru.

Kumwuliza mtangazaji si kumdharau. Ni kumsaidia alinde ile imani ambayo wenzake waliijenga tangu mwaka 1951.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini Sauti ya Dar es Salaam yaweza kuitwa redio ndogo?
2. Vikundi vya Mtu ni Afya vilifanya nini baada ya kusikiliza redio?
3. Kwa nini jirani wa yule bibi hakuaminiwa? Je, wewe ungalimwamini nani?
4. Mtangazaji akikosea, yampasa kufanya nini, na lini?

Kazi ya nyumbani: Usiku huu sikiliza tangazo moja la redio. Andika katika daftari lako: nani, nini, wapi, lini. Kama moja halikutajwa, liandike kama swali. Tutayasoma pamoja katika somo lijalo.

Kwa herini, wanafunzi wangu. Someni vema.