"Huyu Ni Mtoto wa Nani?" Swali Lililozaa Sheria

Watu wangu wa Kericho na Bomet, leo tuongee kuhusu walimu wa BOM. Nafasi ikitokea shuleni, kabla hata vyeti vifunguliwe, kuna mtu atauliza: huyu ni mtoto wa nani? Hilo swali ni la zamani kuliko sisi sote.

Wakati wa ukoloni misheni ziliendesha shule nyingi na zilipenda kuajiri waumini wao. Walimu wengine walikuwa chini ya mabaraza ya wilaya, kila mwajiri na masharti yake. KNUT, iliyoanzishwa 1957, ilipigania mwajiri mmoja, na 1967 TSC ikaundwa kwa sheria. Halafu 1998 serikali ikasimamisha ajira za walimu. Ziliporudi 2001, usaili wa walimu wa sekondari ulipelekwa kwa bodi za shule. Wazo halikuwa baya, mwalimu aende pale anapohitajika. Lakini bodi ni ya wenyeji, na mwenyeji ana mpwa wake.

Kwetu hii kitu inauma zaidi kwa sababu ya majani chai. Tangu miaka ya 1920 mashamba makubwa yameleta watu kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Watoto wao wamezaliwa kwenye nyumba za kampuni, wamesoma hapa, wengine wanaongea Kikipsigis safi kuniliko. Akirudi na digrii ya ualimu anaambiwa aende "kwao." Kwao wapi jameni? Baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona mwisho wa hayo maneno: wafanyakazi wakafukuzwa mashambani, nyumba zikachomwa, walimu wakahama na madarasa yakabaki.

Ndipo ikaja sheria ya utangamano ya 2008. Inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sasa hesabu stafurumu ya shule iliyo karibu na wewe. Mimi nimehesabu, na nimenyamaza.

Katiba ya 2010, kifungu cha 237, iliipa TSC kazi ya kusajili na kuajiri walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo, ikitaja ajira za bodi, inataja wafanyakazi wasio walimu. Kwa hivyo mwalimu wa BOM anasimama mahali pembamba sana kisheria, na analipwa kwa pesa ya wazazi. Mtu kama huyo akionewa, atalia kwa nani?

Katibu wa bodi ni mwalimu mkuu. Huyu amesomea hesabu ama Kiswahili, akapandishwa cheo, na siku moja anaongoza usaili. Mafunzo yapo; KEMI ilianza 1981 ikiitwa KESI. Kwa maoni yangu sheria ya ajira ingefundishwa na historia yake, na wanabodi wakae darasa moja na mwalimu mkuu, kwa sababu yeye peke yake hawezi kumwambia mwenyekiti hapana. Wafundishwe vitu vidogo: tangazo libandikwe hata kwenye vijiji vya mashamba ya chai, maswali yawe yale yale kwa wote, alama ziandikwe kabla watu waanze kujadiliana, na karatasi ziwekwe kwa faili. Aliyekosa kazi akija kuuliza kwa nini, aonyeshwe alama zake.