Mashine ya mchezo iliyopita kwenye udongo wa Kivu

BUKAVU – Kadutu, Ibanda au Bagira, chumba cha mchezo hakihitaji kibao mlangoni. Kelele za watoto zinatosha kuonyesha njia. Ndani kuna televisheni, benchi la mbao, manete mbili ambazo nyuzi zake zimefungwa kwa skochi, na mwenye chumba anayehesabu mechi kwa sauti ili asidhulumiwe franka zake. Mashine iliyo chini ya televisheni si lazima iwe ya kisasa. Mpaka leo hukosi kukuta PlayStation 2, nyeusi, imechakaa pembeni, imefunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi skrubu zake zimepungua.

Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000. Siku hizo Bukavu ilikuwa chini ya utawala wa RCD, vita vikiwa katika mwaka wake wa pili, na wakaaji walikuwa na mambo mengine ya kufikiria kuliko mchezo mpya wa kampuni ya Sony. Hata hivyo mji na mashine vilikuwa vimekwisha kuanza kukutana, bila watu kujua, huko kwenye mashimo ya Shabunda na Kalehe na ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega.

Kilichowakutanisha ni koltani. Wazee waliofanya kazi SOMINKI, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1976, walilijua jiwe hilo jeusi na zito kama kitu kinachotoka pamoja na kasiterite. Kilichotafutwa wakati wao kilikuwa bati. Lakini ndani ya koltani mna tantali, na tantali ikisagwa kuwa unga inatengeneza kapasita, kifaa kidogo kama punje ya mchele kinachoweka umeme kidogo na kuutoa haraka pale unapohitajika. Kadiri simu na kompyuta zilivyozidi kuwa ndogo ndivyo viwanda vilivyozidi kukitaka kifaa hicho.

Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda karibu mara kumi, na kilele kilifika mwishoni mwa mwaka. Simu za mkononi zilikuwa zinaenea duniani, na viwanda viliogopa kukosa mali, vikanunua kuliko mahitaji yao na kuweka akiba. Wakati uleule Sony ilikuwa inajiandaa kufikisha PlayStation 2 Marekani mwezi wa kumi na Ulaya mwezi wa kumi na moja. Mashine hazikutosha. Kwa siku ya kwanza Marekani kampuni ilikuwa imeahidi 1,000,000, ikapunguza hadi 500,000 kwa uhaba wa vipuri. Wazazi wa huko walipanga mstari usiku kucha mbele ya maduka.

Huku kwetu mstari ulikuwa wa namna nyingine. Vijana waliacha shule, wanaume waliacha mashamba ambayo kwa vyovyote hayakuwa na usalama tena, wakaingia msituni na nyundo na beleshi. Pole Institute ya Goma, iliyochapisha uchunguzi wake mwaka 2002, ilionyesha upande wa Kivu Kaskazini jinsi jiwe hilo lilivyogeuza maisha ya vijiji vizima. Upande wetu, magunia yalitoka vijijini kichwani na mgongoni, mengine yakapanda ndege ndogo, yakafika kwenye komptwari za Bukavu. Hapo yalipimwa, yakafungwa upya na kwenda nje.

Kahuzi-Biega ililipa sana. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1970, kwa gharama ya familia za Batwa walioondolewa katika msitu wa mababu zao, na UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Tangu 1997 imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Maelfu ya wachimbaji waliingia sehemu ya chini ya mbuga, na mtu aliye msituni wiki nyingi anakula kilicho msituni. Upande wa juu, ambako watalii walikuwa wakifika kutoka Bukavu, tembo walikaribia kwisha, na gorila waliohesabiwa mwaka 2000 walikuwa karibu nusu ya wale wa 1996.

Novemba 2000, bei ikiwa juu kabisa, RCD iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kuuza koltani nje. Kila kilo ilitozwa dola 10 kwa faida ya utawala huo. Wenye komptwari wengine walilalamika, na mchimbaji ndiye aliyelipa mwishowe, kwa sababu kodi inayowekwa juu inashuka hadi shimoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya Aprili 2001, walieleza jinsi makundi yenye silaha na majeshi ya nchi jirani yalivyovuna katika biashara hiyo. Wakati ripoti inasomwa, bei ilikuwa tayari inaanguka. Viwanda vilikuwa na akiba ya kutosha, na Australia, iliyokuwa inatoa tantali nyingi kuliko nchi yoyote, ilikuwa imeongeza uchimbaji. SOMIGL haikumaliza mwaka. Waliobaki na magunia nyumbani walibaki nayo.

Waandishi kadhaa wa Ulaya na Marekani baadaye walivipa vita hivyo jina la "Vita ya PlayStation". Jina hilo linasikika vizuri na limesaidia watu wa mbali kufikiria, lakini linakosea jambo kubwa. Vita vya kwanza vilifika Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, vya pili vikaanza Agosti 1998. Mashine ilikuwa bado haijauzwa hata moja. Tena tantali ilikwenda katika simu na kompyuta nyingi kuliko katika mchezo wowote, na punje ya Shabunda ikishayeyushwa pamoja na ya Australia na ya Brazili hakuna anayeweza kuitambua tena. Mchezo haukuanzisha vita. Fedha ya wanunuzi, ya mchezo na ya simu pamoja, ilivilisha vita ambavyo wengine walikuwa wamekwisha kuvianzisha kwa sababu zao. Ukikitaja kitu cha watoto kama mwanzilishi, waliokuwa na bunduki kwenye barabara za Shabunda wanatoka katika hadithi. Na njia yao ya kukusanya haijazeeka: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa 2024 kwamba M23, baada ya kuiteka Rubaya huko Masisi, ilikuwa inakusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kwa kodi ya koltani.

Katikati ya hapo kulipita jambo ambalo wakaaji wengi wanalikumbuka kwa jina la "sheria ya Obama". Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozidai kampuni zieleze kama madini yao yanatoka katika maeneo ya vita ya Kongo. Septemba ya mwaka huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi wakakimbia kabisa. Nia inaweza kuwa ilikuwa nzuri, lakini kwa mama aliyekuwa anauza unga wa muhogo karibu na shimo, ilikuwa njaa tu.

Mashine yenyewe ilirudi wapi? Ilirudi hapa, kwa mlango wa okazyo. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kuliko mashine yoyote ya aina yake, na utengenezaji ulisimama mapema mwaka 2013, karibu miaka 13 baada ya kuanza. Watoto wa Ulaya walipohamia mashine mpya, za zamani ziliingia kwenye makontena pamoja na televisheni nene na friji, zikapita bandari za Mombasa na Dar es Salaam, zikavuka mipaka hadi Bukavu. Nchi iliyotoa udongo ilipata kifaa kikiwa kimekwisha kutumika.

Ilipofika, ilifaa kuliko mpya. Haitaki intaneti. Inakubali televisheni ya zamani yenye matundu ya nyaya nyekundu, nyeupe na njano. Ile nyembamba iliyotoka mwaka 2004 inakula chini ya wati 50, kwa hiyo batri ya gari na paneli ya jua vinaweza kuibeba, televisheni ikiwa ndogo. Hilo si jambo dogo katika mji unaoishi kando ya Ruzizi, wenye mtambo wa umeme tangu miaka ya 1950 na wa pili tangu 1989, na ambao bado unalala gizani kwa ajili ya delestaje. Hata michezo yake ilichelewa kufa: mpira wa Konami na wa EA uliendelea kutolewa kwa mashine hiyo hadi matoleo ya 2014.

Ugonjwa wake unajulikana kwa kila fundi. Jicho la leza linachoka, diski inazunguka bila kusomwa. Fundi analisafisha kwa pamba, analisogeza kidogo, au anachukua la mashine nyingine iliyokufa. Ndivyo mashine tatu zinavyozaa moja. Tangu 2008 kuna pia programu inayowekwa ndani ya kadi ya kumbukumbu ambayo inaiwezesha mashine kusoma mchezo kutoka kwenye yuesibii, na leza ikapumzika.

Njia nyingine ni emuleta, programu inayoifanya kompyuta au simu ijifanye mashine ya zamani. Mchezo unapouliza, "PlayStation, nichoree mchezaji huyu," programu inajibu kama PlayStation na kutafsiri ombi hilo kwa lugha ya simu. Sony ilijaribu kuzizuia mapema. Mwaka 1999 iliishtaki kampuni ya Connectix ya Marekani, iliyouza emuleta ya PlayStation ya kwanza. Februari 2000 mahakama ya rufaa ilisema kwamba kunakili programu ya ndani ya mashine ili kujifunza inavyofanya kazi na kutengeneza nyingine si kosa. Kunakili mchezo wenyewe ni habari tofauti, na ukweli usemwe: diski nyingi zilizouzwa kwenye meza za soko letu zilikuwa nakala. Lakini kuna upande wa pili pia. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hii ilihesabu kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haiuzwi tena kihalali popote. Hata mwenye fedha na nia njema hana duka la kwenda.

Emuleta iliyobadilisha mambo kwa vijana wa hapa inaitwa PPSSPP. Ilitolewa Novemba 2012, ni ya bure, na inaiga PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony. Mchezo mzima wa mpira unaweza kuwa chini ya giga mbili, ukahama kutoka simu hadi simu bila kununua megabaiti. Kuna watu wasiojulikana, wengine katika vyumba vya wanafunzi Afrika na Amerika ya Kusini, wanaobadilisha majina ya wachezaji kila msimu ili mchezo wa zamani uwe na Mbappé ndani yake.

Februari 2025, mapigano yalipofika Kavumu na kisha Bukavu, makumi ya maelfu ya watu wa Kivu Kusini walivuka kwenda Burundi. Wengi walipokelewa kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, baadaye wakapelekwa kambi ya Musenyi. Anayekimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani habebi televisheni. Simu anaibeba, kwa sababu ndiyo inayomtafutia ndugu waliopotea, na mchezo ukiwa ndani ya simu unavuka naye. Ndiyo maana katika familia iliyohama mtoto anaweza kumaliza mechi aliyoianza nyumbani, ilimradi mkubwa akubali kumpa simu, na kuchaji kunalipiwa.

Mashine inayobaki nyumbani ina kitu kimoja kinachostahili kutolewa kabla ya kufunga mlango. Bukavu Dawa na Muungano hazijawahi kuwekwa na kampuni yoyote katika mchezo wa video. Aliyezitaka alikaa usiku kuziandika mwenyewe, jezi kwa jezi, jina kwa jina, katika sehemu ya mchezo inayoruhusu kuunda timu. Kazi hiyo yote imo ndani ya kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8, ndogo kuliko kiberiti, iliyochomekwa juu ya tundu la manete. Inachomolewa kwa vidole viwili. Fundi mwenye ile programu ya 2008 anaweza kunakili yaliyomo kwenye yuesibii, na emuleta ya kompyuta inayoitwa PCSX2 inaweza kuyafungua, hata kama mashine yenyewe haitaonekana tena.