Ukuta wa chuma uliozua kesi New York

Sanamu si lazima ifanane na mtu au mnyama. Mwaka 1981 Richard Serra alisimamisha Tilted Arc katika Federal Plaza, New York: ukuta wa chuma kilichoachwa kipate kutu, urefu mita 36 na ushei, kimo mita 3.6, umepinda na kuinama kidogo. Serikali ndiyo iliyomwagiza.

Kuuelewa ilibidi utembee. Ukipita kando yake, uwanja unafunguka na kufungwa. Ukiusogelea, unahisi unakuegemea.

Lakini wafanyakazi wa ofisi za pale walitaka tu kukatiza uwanja wawahi kazini. Mwaka 1985 kikafanyika kikao cha hadhara: watu 122 waliutetea, 58 wakaupinga. Hata hivyo jopo likapendekeza uhamishwe. Serra akasema kuuhamisha ni kuuangamiza, kwa kuwa uliundwa kwa ajili ya uwanja ule. Akaenda mahakamani, akashindwa. Usiku wa Machi 15, 1989 ukakatwa vipande.

Kwangu mimi, hata waliouchukia waliupata ujumbe: uliwalazimisha kuhisi mahali waliposimama. Swali linabaki: uwanja wa umma ni wa msanii au wa mpita njia? Wewe unasemaje?