Faye, Gaël

Faye, Gaël (alizaliwa Bujumbura, 6 Agosti 1982) ni mshairi, mwanamuziki wa rap na mwandishi wa riwaya anayetumia Kifaransa. Baba yake ni Mfaransa, mama yake Mnyarwanda. Mwaka 1995, vita vilipopamba moto Burundi, alihamia Ufaransa. Riwaya yake *Petit Pays* (2016), iliyopata tuzo ya Goncourt des lycéens, inasimulia utoto wa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, upande wa Kanyosha: kichochoro, maembe ya kuiba, kisha risasi. Kwa watoto aliandika *L'Ennui des après-midi sans fin* (2020), kitabu cha picha chenye michoro ya Hippolyte, kilichotokana na wimbo wake mwenyewe. Humo alasiri ndefu zisizo na shughuli zinathaminiwa ipasavyo. *Jacaranda* (2024) ilishinda tuzo ya Renaudot.