Gazeti la Shule katika Mrima: Kutoka Kiungani na Tanga hadi Tovuti

Gazeti la shule, yaani chapisho linalotoka kwa vipindi maalumu na ambalo kazi yake hufanywa kwa sehemu kubwa na wanafunzi au na watu waliosomeshwa na walimu wao, lina umri mkubwa katika Mrima, ukanda wa pwani unaotazamana na Unguja ambao Bagamoyo ilikuwa mmoja wa miji yake mikuu. Wanaozungumzia usasa wa magazeti ya wanafunzi huanzia kwenye tovuti, ilhali magazeti hayo yalikwisha kuundwa upya mara kadhaa kabla ya kompyuta kufika: hati ilibadilika, kisha mtambo wa kuchapia, kisha karatasi yenyewe. Katika mabadiliko hayo yote uhai wa gazeti ulitegemea barua za watu waliokuwa mbali na chumba cha mhariri, na mipaka yake iliwekwa na yule aliyekuwa na mamlaka ya kuzipokea au kuzikataa.

Chimbuko lake liko ng'ambo ya mlango wa bahari. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliwafundisha vijana waliookolewa utumwani kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo wa chapa, na ujuzi huo ukakita mizizi katika shule za misheni hiyo. Mwezi Oktoba 1888 chuo cha Kiungani kilianza kutoa Msimulizi, jarida la Kiswahili lililojazwa kwa habari zilizotumwa na wanafunzi wa zamani waliokuwa wakifundisha Magila, Masasi, Newala na kando ya Ziwa Nyasa. Wakati huo huo pwani ya bara ilikuwa vitani, kwa kuwa Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani walikuwa wamesimama dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, na wakazi wengi wa Bagamoyo walikimbilia katika eneo la Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao misheni yao mjini humo ilianza mwaka 1868.

Bagamoyo yenyewe haikuwa na gazeti la namna hiyo, lakini isingekuwa sahihi kuiita nchi isiyo na maandishi. Watoto wa waungwana walisoma chuoni, neno ambalo katika matumizi ya pwani lilimaanisha madrasa ya Kurani, na humo walipata hati ya Kiarabu waliyoitumia baadaye kuandikia barua, hesabu za biashara na tenzi kwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi mkuu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten, alikuwa mtu wa Bagamoyo na zao la elimu hiyo kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Serikali ya Kijerumani ilipofungua shule zake katika miji ya pwani katika miaka ya 1890, ilileta hati ya Kilatini, na katika Bagamoyo mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alitoa jengo la shule kwa sharti kwamba lipokee watoto bila kujali asili yao. Sharti hilo linastahili kukumbukwa kuliko jengo, maana kwa zama zile lilikuwa jambo la nadra.

Badiliko la hati ndilo lililokuwa kubwa kupita yote yaliyofuata, hata kupita ujio wa intaneti, kwa sababu liligeuza wasomaji wa jana kuwa wasiosoma. Mzee aliyeweza kuandika barua yenye adabu zote kwa herufi za Kiarabu alilazimika kumwomba kijana wa shule amsomee gazeti, na heshima ya elimu ikahama nyumba bila kelele.

Gazeti lililovuna matunda ya badiliko hilo ni Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904 katika shule ya serikali na kuchapwa na wanafunzi katika karakana yake ya chapa. Lilitoka kila mwezi kwa Kiswahili cha hati ya Kilatini, likiwa chini ya uangalizi wa mkuu wa shule Mjerumani, lakini kurasa zake zilijaa kazi za walimu, makarani na wafanyakazi wengine wa serikali walioandika kutoka Bagamoyo, Kilwa, Tabora na kwingineko. Walieleza hali ya mvua na mavuno, ujio wa wakubwa, maradhi, misiba na maendeleo ya shule zao. Walitunga mashairi, na mwingine akijibu shairi la mwenzake katika toleo la baadaye, kama walivyozoea malenga kujibizana barazani. Ni kweli kwamba lilikuwa chombo cha dola na kwamba malalamiko mazito dhidi ya serikali hayakuwa na nafasi humo. Hata hivyo, kuliita sauti ya Wajerumani tu ni kuwapunja walioliandika, kwa kuwa wao ndio walioamua habari ipi ya mji wao ilistahili kujulikana na mtu wa Tabora ambaye hawakupata kumwona.

Mtandao huo wa watu ulitembea juu ya njia mpya za mawasiliano. Mwaka 1890 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari uliunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam, ingawa gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa mwalimu wa shule, na barua za Kiongozi ziliendelea kwenda kwa meli na kwa miguu. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyolizima: Waingereza waliingia Tanga mwezi Julai 1916 na Bagamoyo mwezi Agosti, na gazeti likakoma mwaka huo. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, lilirithi wasomaji wake na desturi yake ya barua na mashairi, lakini halikuwa gazeti la shule.

Uundaji upya mwingine ulitokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na safari hii chombo kilikuwa duni makusudi. Cheche, jarida lililotolewa kuanzia Novemba 1969 na wanafunzi wa chama cha kimapinduzi cha USARF, lilipigwa taipu kwenye stensili, karatasi yenye nta inayotobolewa na herufi ili wino upite, kisha likarudufiwa kwa mashine ya mkono. Unyonge wa sura yake haukulizuia kusomwa mbali na Mlimani, yaani eneo la chuo hicho, hasa toleo la mwaka 1970 lililobeba uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Mwezi Novemba mwaka huo lilipigwa marufuku pamoja na chama chake. Aliyemiliki stensili hakuhitaji ridhaa ya mkuu wa karakana. Ilibaki ridhaa ya dola.

Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, gharama za kupeleka maneno mbali zilianza kushuka, na Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo wanafunzi wake hujifunza kazi kupitia gazeti la The Hill Observer, ilikuwa katika nafasi nzuri ya kunufaika. Kuhamia mtandaoni, hata hivyo, kulifungua lango jingine. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wachapishaji wa mtandaoni kulipa shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, kiasi ambacho kundi la wanafunzi lisilo na chuo nyuma yake lisingekimudu kwa urahisi.

Suala lisilozungumzwa vya kutosha katika usanifu mpya wa magazeti haya ni utunzaji wa matoleo yaliyopita. Nakala za Kiongozi zingali zikisomwa na watafiti kwa kuwa karatasi zake ziliwekwa katika maktaba, nyingi zikiwa Ujerumani, ilhali tovuti hutoweka mara ada ya anwani au ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa, isipolipwa na wanafunzi waliohitimu. Katika Bagamoyo kipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, ambako kazi ya kupanga, kuorodhesha na kuhifadhi maandishi hufundishwa kama taaluma kamili. Wahitimu wake wanahitajika katika vyumba vya habari vya wanafunzi angalau kwa kiasi kile kile wanachohitajika wasanifu wa kurasa.