Bunduki Isiyounguza Kiganja

Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, hapa Zanzibar, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, barazani Mji Mkongwe husemwa sana juu ya mnara wa saa, milango ya kuchonga na ile mizinga ya Wareno. Bunduki za mkononi hazina wa kuzisemea. Ajabu hiyo, maana mizinga ilikaa tu. Bunduki ndizo zilizopita hapa kwa maelfu kwenda bara.

Tuuanze mkasa huu kwenye mkono wa kushoto, ule unaoshika ubao chini ya mtutu. Mwenye bunduki ya gumegume alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha ndipo akalenga. Hadi awe tayari tena, chuma kimekwisha poa. Ndiyo maana mafundi wa bunduki za Kimanga walihangaikia urembo kuliko joto: mtutu mrefu, ubao mwembamba, pete za fedha za kuvifunga pamoja. Bunduki za kujazwa nyuma zikaharibu starehe hiyo. Snider ilipiga kama mara kumi kwa dakika. Martini-Henry iliyoifuata ilipata moto hata askari wa Kiingereza wakaishonea ubao wake ngozi ya ng'ombe. Kinga ya mti juu ya mtutu ilikuja baadaye.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa, Euan-Smith, alipeleka kwao hesabu ya kutisha: bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kilichomkera zaidi ni kwamba wanunuzi wameanza kuchagua. Zamani walipokea makapi ya Ulaya. Sasa wanataka za kujazwa nyuma, na hawadanganyiki. Alihofu Wazungu watakapokuja kuishika Afrika watawakuta wenyewe wana silaha kama zao. Hesabu ni yake, na alikuwa na maslahi ya nchi yake. Lakini namfuata, kwa kuwa hofu yake ina ukweli zaidi kuliko hotuba nyingi za wakati ule.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini mkataba wa Brussels, Zanzibar ikiwemo. Jina lake ni kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa zisiwafikie wenyeji. Gumegume ziliruhusiwa, zikipitia ghala la serikali. Yaani Mwafrika aliachiwa ile bunduki ambayo haipati hata wasaa wa kuunguza kiganja. Na Waingereza haohao walikuwa wameshalipa jeshi jipya la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, Snider 500 mwaka 1877! Silaha njema kumbe hutegemea zinamlinda nani.

Tena silaha hubadilisha mikono. Januari 1964 silaha za polisi wa Ziwani na Mtoni ziliangukia mikononi mwa wanamapinduzi usiku mmoja.

Beit al-Ajaib likisimama tena, mizinga haitakosa pa kukaa. Mimi naomba kabati moja tu: gumegume na Snider, zimelazwa chali, ubao juu, watoto wa Michenzani na Shangani waone ulipokuwa ukikaa mkono wa kushoto.