Mfa maji haachi kutapatapa: Somo la istilahi kutoka kwa kumbukumbu pepe

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sura ya tasnifu yake kuhusu tafsiri ya istilahi za kompyuta. Kwenye jedwali lake, 'virtual memory' ilikuwa 'kumbukumbu ya uongo'. 'Swap space' ilikuwa 'nafasi ya kubadilishana'. Nilimuuliza: "Uongo huu unamdanganya nani, na wanaobadilishana ni akina nani?" Akacheka. "Prof, hata mimi sijui. Nilifuata kamusi tu."

Hapo ndipo penye kasoro. Badala ya kumrudisha kwenye kamusi, nilimrudisha kwenye historia.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Kuna kumbukumbu kuu, yenye kasi lakini ghali na finyu. Kisha kuna diski, iliyo pana na nafuu ila mwendo wake ni wa kobe. Ni kama duka: rafu ni chache na ziko karibu na muuzaji, lakini shehena kubwa imo stoo.

Katika miaka ya 1950, aliyeandika programu kubwa kuliko kumbukumbu ya mashine alikuwa mpagazi wa shehena hiyo. Ilimbidi aikate programu vipande, kisha aandike mwenyewe amri za kutoa kipande hiki na kuingiza kile. Akikosea hesabu, kazi nzima inaharibika.

Waliomtua mzigo huo walikuwa Tom Kilburn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya Ferranti. Mashine yao, Atlas, ilizinduliwa Desemba 1962. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa ya 'maneno' 16,384. Neno hapa ni kifungu cha biti 48, si neno letu sisi wanaisimu. Nyuma yake kulikuwa na silinda za sumaku zilizobeba maneno 98,304. (Msizifasiri kuwa 'ngoma', maana hazipigwi wala hazichezwi.)

Maneno hayo yaligawanywa katika kurasa za maneno 512, kwa hivyo kumbukumbu kuu ilitosha kurasa 32 pekee. Programu ilipoitisha ukurasa usiokuwepo, mashine yenyewe iliuleta kutoka kwenye silinda. Nafasi ikikosekana, ilikadiria ni ukurasa upi hautahitajika karibuni, ikauhamisha. Mwandishi wa programu hakuhisi lolote. Aliona ghala moja kubwa, na Kilburn na wenzake waliliita hivyo hasa: ghala la ngazi moja.

Uongo uko wapi basi? Kila neno alilohifadhi lilikuwepo na alilipata. Hebu tufikirie kaimu mwalimu mkuu. Yeye si mwalimu mkuu wa uongo. Anatia sahihi, anaongoza vikao na maamuzi yake yanafuatwa, ingawa cheo chenyewe si chake. Ndivyo silinda ilivyokaimu nafasi ya kumbukumbu kuu. Neno 'pepe', tulilolizoea katika barua pepe, limekwisha kuenea nami sina ugomvi nalo. Ila tunapofundisha 'kumbukumbu pepe', mfano wa kaimu utusaidie.

Na 'kubadilishana' je? Mwaka 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, mfumo ulioitwa CTSS uliwawezesha watu kadhaa kutumia mashine moja kwa zamu. Programu nzima ya huyu ilitolewa nje ili ya yule iingie. Hapo walibadilishana kwelikweli. Siku hizi aghalabu zinazohamishwa ni kurasa tu, lakini jina la zamani limebaki. Asiyejua historia hiyo hulitafsiri jina akakiacha kitu. Mimi ningesema 'nafasi ya kuhamishia kurasa', na kila mtu angenielewa.

Kichekesho kikubwa kilikuwa istilahi ya tatu. Programu zikizidi, kila moja huhitaji ukurasa uliotolewa punde tu. Mashine hushinda ikibeba kurasa huku na huko, kazi yenyewe haiendi. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza chanzo chake: kila programu ina kundi la kurasa inazozihitaji kwa pamoja, na makundi hayo yasipoenea katika kumbukumbu, vurugu huanza. Mwanafunzi wangu alikuwa ameiita hali hiyo 'kupura', kama apuraye mpunga! Kumbe Mswahili alikwisha kuiona zamani baharini: mfa maji haachi kutapatapa. Anarusha mikono na miguu kwa nguvu zote, lakini hasogei. Kompyuta hiyo inatapatapa. Neno hilo halihitaji kamati.

Msidhani haya ni mambo ya wasomi pekee. Desemba 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aliongeza uwezo huu katika Linux. Sababu? Mtu mmoja wa Ujerumani alikuwa na mashine ya megabaiti 2 tu za kumbukumbu, isiyotosha kazi yake. Teknolojia hii huwafaa hasa wenye mashine duni, na shule zetu nyingi ndizo hizo.

Mwalimu aliyeambiwa 'uongo' na 'kupura' atakariri tu ili mtihani upite. Aliyeelewa 'kutapatapa' atajua la kufanya mashine inapogoma: afunge programu asizozihitaji, au atafute kumbukumbu kuu zaidi. Kupanua nafasi kwenye diski pekee hakutamwokoa, kama vile kupanua bahari kusivyomwokoa mfa maji.

Mwanafunzi wangu amekwenda kulifumua jedwali lake. Safari hii nimemwagiza aongeze safu moja kabla ya ile ya tafsiri: kitu hiki hufanya nini, na kilizaliwaje?